Sakafu ya Pijo ya Bi Rukaiya

Jumatatu, 10 Machi

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya vipimo. Vipimo nitaviandika kuanzia mbele. Kuanzia nyuma nitaandika yale ambayo nikiyasema gerejini nitavunja kitu.

Leo imeletwa Pijo 404 ya mwaka sitini na nane, rangi ya krimu, imebebwa juu ya lori kama maiti. Mwenyewe kaja nyuma yake kwa bajaji: Bi Rukaiya, mkunga mstaafu wa Temeke, mwembamba, miwani mizito, mtandio umefungwa barabara. Alikuwa amefunga Ramadhani, midomo imekauka, lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyezoea kuamrisha wodi nzima. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni na nyundo mkononi. Akanipita. Akamwuliza Gozbert, mchomeleaji wetu, "Fundi yuko wapi?"

Gozbert akanitazama mie. Kabla sijafungua kinywa, Brightson akatoka ofisini.

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo. Karibu sana."

Brightson ni mdogo wangu. Nimempita miaka saba. Nyundo ya kwanza maishani mwake nilimshikisha mie, hapahapa Tegeta, baba akituangalia kutoka kwenye kigoda chake. Baba alinifundisha kupiga bodi kuanzia darasa la sita. Alipokaribia kufa akaandikisha kibao cha nje: GEREJI YA SEBASTIAN NA MWANA. Mwana, mmoja. Kiswahili hakisemi kama ni wa kike au wa kiume, lakini kila aliyekisoma alijua ni nani.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeng'oa siti na zulia. Chini ya zulia lami. Chini ya lami kiraka cha bati. Chini ya kiraka lami tena, halafu kutu tupu. Nilisukuma bisibisi upande wa dereva ikapita mpaka nje kama kwenye papai lililoiva. Upande wa nyuma kulia sikuhitaji hata bisibisi, niliona saruji ya gereji nikiwa nimekaa ndani ya gari.

Brightson kachungulia. "Dada, tubandike bati juu, tupige lami, yaishe. Nani ataangalia chini?"

"Atakayekanyaga."

"Wewe nawe."

Bi Rukaiya alikuja saa nne akakaa kwenye kiti cha plastiki. Kumbe atakuja kila Alhamisi. Alimweleza Brightson, mgongo wake umenielekea mie, kwamba macho yake yana presha. Daktari kamwambia mwaka huu bado anaweza kuendesha mchana, mwaka ujao hamwahidi kitu. Pijo aliinunua kwa mshahara wake mwaka sabini na tisa. Anataka kuiendesha mwenyewe mpaka Tanga kwa dada yake Munira, kabla ya Julai.

"Sitaki kupelekwa," alisema. "Nimepeleka watu maisha yangu yote. Safari hii najipeleka."

Brightson akamwambia asiwe na wasiwasi, atafanya kila kitu kwa mkono wake.

Kwa mkono wake!

Jumatatu, 17 Machi

Vipande vinne: viwili vya mbele, viwili vya nyuma. Vya dukani havipo, gari hili hata mafundi wengi wa siku hizi hawajawahi kuliona tumbo. Nimekata maboksi ya friji kupata violezo. Nimepima kila kona mara tatu. Mvua ya kwanza ya masika imepiga kuanzia saa nane na paa linavuja palepale linapovujaga kila mwaka, juu ya benchi langu, si juu ya ofisi ya Brightson.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Brightson hayupo.

Alhamisi, 20 Machi

Nimechonga gogo la mninga, mfereji katikati, upana wa vidole viwili. Bati jeusi linalazwa juu yake, chuma cha mviringo juu ya bati, nyundo juu ya chuma. Hivyo ndivyo matuta ya sakafu yanavyotoka. Bila matuta sakafu inapiga makelele kama debe, tena inabonyea ukiikanyaga. Siri ni kutomaliza sehemu moja. Unapiga kidogo kidogo kutoka kichwa mpaka mkia, unarudi, unapiga tena. Ukiwa na haraka bati linavimba tumbo, na bati likishavimba tumbo ni la kutupa.

Bi Rukaiya aliniangalia saa nzima. Kisha akasema, "Bibi wee, mbona unakirudia palepale? Hukijui?"

Niliendelea kupiga. Nadhani nilipiga kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa.

Alhamisi, 27 Machi

Kipande cha kushoto mbele kimekamilika. Matuta matano. Nilikiegemeza ukutani nikaenda kunawa, niliporudi nikamkuta Bi Rukaiya amechuchumaa mbele yake, macho kayafumba, anapitisha kiganja kwenye bati.

"Hili la tatu liko juu," akasema.

"Haliko juu."

"Mwanangu, mie mikono hii imejua mtoto kakaa vipi tumboni kabla mashine hazijaja. La tatu liko juu."

Alipoondoka niliweka rula. La tatu liko juu kwa unene wa kucha. Nimelishusha. Nimekasirika, na mbaya zaidi sijui namkasirikia nani.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Bi Rukaiya katuma bajaji na bakuli la pilau, juu yake kikaratasi: *Kwa fundi.* Brightson kala.

Jumatano, 2 Aprili

Nimepima bodi nzima kabla ya kukata chochote. Matundu yote manne ya milango, juu, katikati na chini. Urefu wa sakafu kushoto na kulia. Yote yako mbele ya daftari, na tarehe. Gozbert alishika upande wa pili wa futi. Gozbert ni mtu wa Bukoba, yupo hapa tangu enzi za baba, na kwa siku nzima anaweza kusema maneno kumi. Baba alimpenda kwa hilo. Mie linanichosha. Anaona kila kitu, hasemi kitu.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo kaja kijana wa mtandaoni mwenye simu tatu na taa ya duara, anarekodi magari ya zamani. Nilikuwa nyuma ya turubai nasugua kutu ya usiku kwenye kipande cha pili. Masika haya ukiacha bati wazi jioni, asubuhi limeota wekundu.

Nikamsikia Brightson. Kakishika kipande changu cha kushoto mbele, kakiinua kwenye taa.

"Hiki hapa nimekipiga kwa mkono. Hakuna mashine. Siku nne. Unaona matuta haya? Hii ni kazi ya kurithi, kutoka kwa mzee wangu."

"Duh, braza, noma sana!"

"Ndiyo hivyo. Dada! Tuletee soda mbili hapo."

Niliacha brashi ya waya. Nikaenda dukani. Nikazileta.

Nimekaa hapa naandika na hilo ndilo linaloniuma kuliko maneno yake yote. Nilizileta. Nikamfungulia na kizibo.

Jumatano, 9 Aprili

Kipande cha pili, kutu tena. Nimekipaka mafuta. Kabla ya kuchomelea itabidi niyaondoe yote kwa petroli. Kazi mara mbili kwa sababu mtu hataki kuziba tundu kwenye paa.

Jumanne, 15 Aprili

Vitatu tayari. Nilimwambia Brightson juu ya ile video. Nilijizuia, nikasema kwa adabu, kama ninavyosema na mteja.

"Dada, ile ni biashara. Watu wanataka sura moja. Wewe si unajua tupo pamoja?"

"Pamoja wapi? Sijasikia jina langu."

"Umeanza."

Alhamisi, 17 Aprili

Cha nne kimekamilika. Bi Rukaiya kapitisha kiganja kwenye vyote vinne, taratibu. Alipokuwa anaondoka akamwambia Brightson, "Umefanya kazi safi." Akajibu, "Asante, mama." Mie nilikuwa hatua mbili kutoka hapo.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Mama kapiga simu kutoka Kimara, maji yameingia ndani mpaka kwenye vitanda. Nilimwuliza kama amempigia Brightson. "Yeye ana kazi nyingi, mwanangu." Mie sina.

Nimepitia gerejini kwanza. Brightson na Gozbert walikuwepo wote wawili na nikasema wakanisikia wote wawili.

"Msikate sakafu mpaka nirudi. Hili gari halina fremu kama lori. Sakafu ndiyo inayoshika bodi. Mkiitoa kabla sijafunga paipu kwenye matundu ya milango, bodi itashuka tumbo."

"Dada, nimesikia."

"Gozbert?"

Gozbert akaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 23 Aprili

Kimara. Nachota maji kwa beseni, naanika magodoro. Mama kakaa juu ya meza kama malkia, ananisimulia jinsi Brightson alivyoonekana kwenye simu ya jirani. "Alipendeza. Amefanana na baba yenu."

Ijumaa, 25 Aprili

Nimerudi saa tatu asubuhi.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kamba. Mlango wa kushoto wa Pijo umefungwa kwa kamba ya katani ili usifunguke. Nikasogea. Gari limesimama juu ya stendi nne, mbili mbele kabisa na mbili nyuma kabisa, na katikati hakuna kitu. Hakuna sakafu. Kushoto hakuna, kulia hakuna. Nilikuwa naona saruji ya gereji na soksi za Brightson upande wa pili.

"Umekata lini?"

"Tulikata juzi. Yule wa video alitaka picha ya gari bila sakafu, ilikuwa siku ileile au basi."

"Tulikata nani?"

"Dada, tulia kwanza. Ishu si hiyo. Ishu ni kwamba kipande chako cha kushoto ni kifupi. Kimepungua sentimita moja na nusu. Cha kulia nacho."

Nilifungua ile kamba, nikajaribu kufunga mlango. Uligota juu. Nikasukuma kwa bega, ukagota. Juu tundu la mlango limebana, chini limetanuka. Gari lililotembea miaka hamsini na zaidi wamelivunja mgongo kwa siku mbili.

"Vipande si vifupi," nikasema. "Gari limeshuka."

"Gari linashukaje limesimama kwenye stendi? Isitoshe nimeshamweleza Bi Rukaiya jana. Nilimwambia asikasirike, hivi vipande ni dada ndiye aliyevikata, na alikuwa na mawazo ya mama, ni makosa ya kibinadamu. Nitavitengeneza upya mwenyewe."

Wiki sita. Kwa wiki sita hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba mikono iliyopiga bati lile ni yangu. Kwa mteja hapana, kwa mama hapana, kwenye simu tatu na taa ya duara hapana. Siku aliyonitaja mara ya kwanza, kanitaja kwenye kosa.

Nilirusha nyundo. Sikumlenga mtu. Ilikwenda ikabonyeza pipa la maji pembeni ya ukuta na mlio wake ukawatoa watu kwenye banda la chipsi ng'ambo ya barabara. Brightson aliinua mikono kama mtu anayeporwa.

"Unaona?" akawaambia wale watu. "Mnaona mambo haya?"

Gozbert alikuwa amekaa kwenye tairi, anaangalia chini. Nilimpita nikamwambia, "Wewe uliitikia kwa kichwa."

Nilimpigia Bi Rukaiya mwenyewe. Namba yake niliitoa kwenye kitabu cha ofisini, Brightson akinifokea kwamba wateja ni wake. Nilimwomba aje kesho.

"Kesho Muungano," alisema. "Ni sikukuu."

"Najua, mama."

"Haya. Saa nne."

Jumamosi, 26 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa, bila kujiongezea.

Mvua ilikuwa imekatika. Bi Rukaiya alifika saa nne kamili, hakukaa kwenye kiti. Brightson alivaa shati jipya. Alianza kuongea kabla hajasalimia vizuri, maneno mengi, bati la siku hizi, unyevu, familia. Bi Rukaiya akanyoosha kidole.

"Wewe nimekusikia Alhamisi. Leo nimeitwa na huyu."

Kisha akanigeukia. "Jina lako nani?"

Tangu Machi hajaniuliza. "Tupokigwe."

"Nilikuona unapiga, nikadhani unamsaidia fundi. Vile vipande umevipiga wewe?"

"Mie."

"Vyote vinne?"

"Vyote."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayepanga upya vitu kichwani. "Na sasa ni vifupi."

"Si vifupi, mama. Nakuomba dakika kumi."

Nilifungua daftari upande wa mbele, ukurasa wa tarehe mbili Aprili. Nikaeleza kwamba siku ile, kabla ya msumeno kugusa gari, nilipima tundu la mlango wa kushoto, juu, likawa tisini na mbili na nusu. Nikaeleza kwamba sakafu ya kushoto ilikuwa mita moja na ishirini na moja. Nikachukua futi nikaliweka palepale juu ya mlango.

"Macho yangu hayasomi namba hizo," Bi Rukaiya akasema. "Nani atanisomea?"

Brightson akasogea. "Nitasoma mimi, mama."

"Wewe hapana. Na yeye hapana." Akageuka. "Yule pale. Njoo."

Gozbert akainuka kwenye tairi. Kutoka pale mpaka kwenye gari ni hatua nane au tisa, na mie nilizihesabu zote, kwa sababu Gozbert ana watoto watano na ajira yake iko kwenye mkono wa Brightson. Aliinama kwenye futi. Akalisawazisha kwa kidole, akasoma mara mbili.

"Tisini na moja," akasema. "Na milimita mbili."

"Na kwenye kitabu?"

"Tisini na mbili na nusu. Futi nilishika mimi mwenyewe siku hiyo."

"Na chini?"

Akapima chini. "Mita moja ishirini na mbili na nusu. Ilikuwa ishirini na moja." Akasimama wima, na hapo akamaliza maneno yake ya mwezi mzima. "Kipande kina mita moja ishirini na moja, mama, nimekipima jana nikiwa peke yangu. Hakijapungua. Gari ndilo limefunguka chini. Niliyekata ni mimi. Dada Tupo alitukataza. Bosi aliniambia kata, nikakata. Nilijua."

Nilitegemea nitafurahi. Nilimwangalia Brightson na uso wake ulikuwa wa yule mtoto aliyevunja taa ya gari la mteja akiwa na miaka tisa, akanitazama mie nimtetee. Nilimtetea siku ile. Baba alinichapa mie.

"Tulikosea, mama," Brightson akasema.

"Nani na nani?" Bi Rukaiya akauliza.

"Sisi... gereji."

"Unapopiga picha unasema nimefanya. Kikiharibika mnakuwa wengi." Hakupandisha sauti. "Wodini kwangu mtu wa namna hiyo sikumwacha ashike mtoto."

Brightson akaingia ofisini akafunga mlango.

Nilidhani amemaliza. Akanigeukia mie. "Na wewe. Uliona hatari, ukaacha neno la mdomo, ukaenda zako. Mie nikitoka zamu nilikuwa naandika kwenye karatasi nabandika kitandani: huyu asiguswe. Ungeweza kufunga hizo paipu kabla hujaondoka?"

"Mama yangu alikuwa kwenye maji."

"Nimekuuliza ungeweza?"

Ilikuwa kazi ya saa mbili. "Ningeweza."

"Basi."

Nilitaka kumtupia futi. Sijapata kumchukia mtu na kukubaliana naye kwa wakati mmoja kama nilivyofanya leo. Kabla hajapanda bajaji akauliza kitu kimoja tu: linaweza kunyooka? Nikamwambia linaweza, likiinuliwa polepole, na nisipoguswa na mtu.

"Hutaguswa na mtu," akasema, kwa sauti ya kufika ofisini. "Fundi ni wewe."

Jumatatu, 28 Aprili

Jeki mbili katikati, chini ya mihimili ya milango, juu ya mbao nene ili zisitoboe. Robo mzunguko asubuhi, robo mzunguko jioni. Gari linalia likiinuka. Gozbert anapima, mie naandika. Hatuongei. Siyo kimya kile cha zamani.

Jumanne, 29 Aprili

Robo. Robo. Mvua.

Jumamosi, 3 Mei

Tisini na mbili juu. Bado nusu sentimita. Brightson kapita, kasema, "Si ungeinua yote mara moja?" Nikamwambia akiigusa jeki nitamvunja kidole, na nilimaanisha, na akajua.

Jumatano, 7 Mei

Tisini na mbili na nusu! Nikafunga mlango wa kushoto. Ukafunga kwa kidole kimoja. Gozbert akacheka kwa sauti, sikujua kama ana meno mengi hivyo. Tumechomelea paipu za mraba kwenye matundu yote manne kabla hata ya kunywa chai.

Ijumaa, 9 Mei

Kipande cha kushoto mbele kimekaa. Kimeingia mahali pake bila kupigwa. Nilikilaza tu kikashuka na kikatulia. Nilikaa humo ndani dakika nyingi nimeweka viganja kwenye matuta. Nikalia kidogo. Ilikuwa hasira vilevile, ila imepata pa kutokea.

Jumamosi, 17 Mei

Vyote vinne vimechomelewa, nukta nukta, tukiruka kushoto kulia ili moto usipindishe. Rangi ya praima, ya kuzuia kutu, chini na juu. Hakuna kiraka hata kimoja. Lami hakuna.

Alhamisi, 22 Mei

Bi Rukaiya kachukua gari. Kabla hatujaweka zulia alivua viatu, akakaa kwenye kiti cha dereva, akakanyaga sakafu tupu kwa nyayo zake, akakandamiza kama anayepima godoro. Kisha akawasha. Akalizungusha uwanja mzima, akatoka nje mpaka kwenye lami, akarudi kinyumenyume bila kuangalia kioo kama ilivyo haki ya mtu aliyeendesha tangu sijazaliwa.

"Nitakwenda Jumamosi," akaniambia. "Mchana. Polepole. Wakinipigia honi shauri yao."

Yule wa video alikuwepo pia, Brightson kamwita. Walisimama mbele ya gari, na nikasikia mwenyewe, sikuhadithiwa: "Hii kazi ilitutesa, mimi na timu yangu, lakini nilisema lazima niifanye kwa kiwango."

Mimi na timu yangu. Baada ya yote yale.

Sikurusha kitu. Nilikunja ovaroli langu nikaliweka kwenye mfuko.

Jumatatu, 26 Mei

Nimekwenda Kimara kumwambia mama kwamba naondoka gerejini. Kiwanja cha gereji kiko kwa jina lake. Nilimwambia kila kitu, tangu soda mpaka kamba ya katani. Alinisikiliza huku anachambua mchele.

"Ni mdogo wako," akasema.

"Najua ni mdogo wangu. Nimekwambia alichofanya."

"Wewe una mkono, mwanangu. Mwenye mkono hafi njaa. Yeye bila lile jina ana nini?"

Kwa hiyo anajua! Miaka yote hii anajua. Nilidhani mama haoni, kumbe anaona sawasawa, na alichokiona ndiyo sababu ya kuninyima. Kamwachia kibao aliyekihitaji, na mie niliyeweza kaniacha niweze.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungefanya nini?"

"Ningeondoka zamani."

Aliacha mchele. Hakuniomba msamaha na sikumuaga. Nilipofika getini nikarudi, nikamwambia nakwenda, nikatoka.

Jumatano, 4 Juni

Boko, gereji yangu mwenyewe, jirani na wafyatua tofali. Paa dogo, nusu ya uwanja, meza niliyoichomelea mwenyewe. Jua limetoka siku ya tano mfululizo. Gozbert kaja Jumapili baada ya kanisa akanisaidia kufunga jiliwa la kubania vyuma mezani, akarudi kwa Brightson Jumatatu, watoto watano. Bi Rukaiya kapiga simu kutoka Tanga, kaongea kuhusu barabara tu, kona moja baada ya nyingine, halafu akakata bila kuaga.

Leo mchana Brightson kapiga mara mbili sikupokea. Mara ya tatu nikapokea.

"Dada, shikamoo."

Shikamoo ya Brightson sijaisikia tangu msiba wa baba. "Marahaba."

"Kuna gari imeingia, foksi. Ya mwaka sabini na mbili. Sakafu imekwisha. Nimekata violezo mwenyewe." Nyuma yake nilisikia grenda. "Ule mdomo wa pembeni, wa kulalia kwenye mhimili, unaachaga kiasi gani?"

Nilikuwa na majibu mengi. Niliyaandaa kuanzia Machi, mengine yamo humu. Ningeweza kumwambia aulize timu yake. Ningeweza kunyamaza tu akakata kimakosa, kikawa kifupi, na safari hii kikawa kifupi kweli.

"Sentimita moja na nusu," nikasema. "Na ufunge paipu kwanza."

"Sawa, dada."

"Usiseme sawa. Sema utafunga."

"Nitafunga."

Nikakata simu. Hasira bado ipo palepale. Lakini lile gari ni la mtu, na mtu huyo ataweka miguu yake pale.

Wafyatua tofali wameniuliza kama naweza kuwanyooshea toroli. Nimewaambia walete.